Punda Aliyelia Akielekea kwa Bi Somoe

Habari ya kifo cha Bi Somoe ilinifikia Jumatano, saa nne asubuhi, nikiwa darasani nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Aliyepiga simu ni binti wa ndugu yake, sauti nisiyoijua, akasema wamekuta namba yangu kwenye kikaratasi ndani ya sanduku la marehemu, hivyo wameona ni vyema nami niambiwe. Nilishangaa, maana namba ile nilimpelekea kwa mkono wa mtu miaka mingi iliyopita na hakuwahi kunipigia hata mara moja. Kesho yake nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikatoka Nachingwea mpaka Ruangwa, na kutoka Ruangwa nikakodi bodaboda ya kunifikisha Mbwemkuru. Nilikuta wameshazika. Nikaketi mkekani na akina mama, nikaletewa wali na maharage, na mama mmoja aliyekaa ubavuni mwangu akaniuliza kwa upole, "Mwenzetu, wewe ni nani wake marehemu?" Niseme jirani? Tulikaa jirani miezi isiyofika kumi. Niseme rafiki? Lo, hapo sasa ndipo pagumu. Nikamjibu kwamba zamani nilikuwa nakula kwake. Mama wa watu akaridhika, akaniongezea maharage.

Habari za baba na mama yangu naziacha, hazina kazi hapa. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, naishi Nambambo kwa Mjomba Issa, kaka wa mama yangu, nikingoja majibu ya chuo cha ualimu. Kungoja ni adhabu kwa mtu wa aina yangu. Mimi tangu utoto ni mdodosi. Naweza kukaa saa nzima natazama mchwa wanavyojenga, na nikiona kitu sikielewi hakinitoki kichwani mpaka nimekigeuza pande zote. Mke wa Mjomba, ambaye sote tulimwita Mama Rehema kwa jina la binti yake mkubwa, alikuwa akiniambia, "Tatu, hayo macho yako yatakuponza wewe." Alikuwa karibu kupatia. Aliyeponzeka ni mwingine.

Punda walikuja mwezi wa sita. Mjomba alikuwa na rafiki yake wa kufa na kuzikana, mkulima wa Chunyu upande wa Ruangwa, jina lake Kanisius. Mmoja Mwislamu, mwingine Mkatoliki, walijuana kwenye foleni ya kupima korosho, na tangu hapo ikawa kila kitu wanafanya pamoja na kila kitu wanagawana. Mbegu za ufuta watagawana, salfa ya kupulizia mikorosho watagawana, na Kanisius akitaka kuchinja mbuzi wa sikukuu humngoja Mjomba aje ashike kisu, kisha mguu mmoja unarudi Nambambo. Mwaka ule walisafiri wote wawili mpaka Singida, wakaona punda wanabeba maji, wakatazamana. Kwetu kisima kilikuwa bondeni, kwenda na kurudi saa nzima, na maji yote ya kijiji yalipanda kilima juu ya vichwa vya wanawake. Wakarudi na punda wawili kwenye lori lililokuwa linakuja kufuata mizigo, dume na jike, waliokulia zizi moja. Na kwa kuwa wao ni watu wa kugawana, wakagawana. Lori lilipita Ruangwa kwanza, jike akashushwa kwa Kanisius. Dume akaja kwetu. Sisi watu wa mikorosho, tuliozoea mbuzi na kuku, hakuna hata mmoja aliyeona kosa. Mbuzi ukimtenga na wenzake atalia siku mbili, ya tatu anakula.

Tulimpa jina la Singida, kwa alikotoka. Aliposhuka kwenye lori alisimama katikati ya uwanja wa nyumba, masikio yamesimama, mstari mweusi umempita mgongoni na mabegani, na watu wakajaa kumtazama. Maswali yaliyoulizwa siku ile ningeyakusanya yangejaza kitabu. Anakula nini? Anatambua jina lake? Nyuma anaona? Maji aliyoyabeba yanafaa kutawadhia? Hilo la mwisho lilipelekwa kwa Maalim, mwalimu wa madrasa yetu, mtu mpole mwenye kikohozi, naye akauliza, "Dumu lina mfuniko?" Akaambiwa linao. "Basi tatizo liko wapi? Tawadheni mje kusali." Watu wakacheka, mambo yakaisha. Lakini kabla hawajatawanyika Singida akanyoosha shingo na kulia. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kusikia punda akilia karibu. Ule mlio unaanza kama mtu anayekosa pumzi, halafu unafunguka wote. Watoto walikimbia, mama mmoja akadondosha kapu, na wazee pale pale wakasema audhubillahi, kwa sababu mafundisho ndivyo yalivyo: ukisikia punda analia, jikinge kwa Mungu, maana huenda ameona shetani. Nami nilisema. Kisha nikageuza kichwa kuona alikuwa anatazama wapi.

Kazi ya kumzoesha nilipewa mimi, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, na kusema kweli niliipenda kuliko chochote nilichowahi kufanya. Wiki ya kwanza hakutaka mtu amkaribie. Mjomba alijaribu kumvuta kwa kamba kama mbuzi, wakavutana kutwa, Mjomba akarudi ndani mikono imechubuka na Mama Rehema akawa anacheka jikoni bila kujificha. Nikaamua kutomvuta. Nilibeba kigoda changu, nikakaa mbali kidogo naye, nimempa mgongo, nachambua mboga. Siku ya tatu nikasikia pumzi ya moto shingoni mwangu. Sikugeuka. Akanusa kilemba, akanusa sikio, akachukua jani la kunde kwenye ungo wangu, akaondoka nalo. Nilitamani kupiga kelele kwa furaha lakini nikajikaza. Kidogo kidogo nikajifunza mambo yake. Kumwendea kutoka nyuma hataki, ila ubavuni sawa. Ukimkuna pale shingo inapokutana na mgongo anarefusha mdomo wa juu na kufumba macho. Kivuli cheusi njiani anakiogopa, kijito cha maji hakanyagi mpaka akinuse kwanza, na madumu matupu yakigongana mgongoni anaruka. Kwa hiyo nilianza kwa gunia tupu, halafu gunia lenye nyasi, halafu dumu moja lililofungwa kitambaa lisigonge. Wiki ya nne alipanda kilima na madumu manne yamejaa, mimi mbele yake bila kumvuta, na wanawake kisimani wakapiga vigelegele. Watu wakipulizia salfa mashambani nilimhamisha asikohoe. Nilikuwa nimemmudu, au ndivyo nilivyodhani. Kitu kimoja tu sikukielewa. Alikuwa hali vizuri. Anachukua majani ya karanga mdomoni, anaanza kutafuna, anasahau.

Mchana nilikuwa nakula kwa Bi Somoe. Nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa kwetu, hatua kama mia mbili, peke yake, na nyuma yake ilianza njia ya miguu ya kwenda Ruangwa. Alikuwa mfinyanzi, mjane, ndugu zake wote wako Mbwemkuru na hana mtoto. Chumba chake cha mbele kilikuwa na ubaridi wa udongo mbichi hata jua likiwaka vipi. Vyungu vilivyokuwa vinakauka vilipangwa ukutani chini ya magunia yaliyolowa, na yeye hukaa chini miguu ameinyoosha, anazungusha chungu kwa mkono mmoja na kukilainisha ndani kwa mwingine, anaongea huku hakitazami. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, Kimwera ndicho kilichomjaa, lakini alikuwa na utani. Akiniona mlangoni anasema, "Njoo ukae, mwenye maswali. Leo unauliza nini?" Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa korosho zilizotwangwa, au ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi tu, vidole vinaungua. Nilimuuliza kila kitu: kwa nini udongo wa bondeni unachanganywa na vigae vilivyosagwa, kwa nini chungu hupasuka, anajuaje moto umetosha. Alijibu yote. Juu ya punda sikumuuliza neno. Mtu akiniuliza kwa nini, nitasema nilimwona kuwa mtu wa vyungu, na punda nilimwona kuwa wangu.

Singida alikuwa analia kila siku, alfajiri na tena jua likielekea kuzama, na mara nyingine katikati ya mchana. Mimi nikachukua daftari la shule lililobaki kurasa, nikapiga mistari, nikaandika: siku, saa, amelia mara ngapi, alikuwa anafanya nini kabla, ameelekea wapi. Nilijiona mwanasayansi hasa. Na kwa kuwa hakulia hovyo, bali kila mara aligeuka kwanza, akaweka miguu sawa, ndipo akalia, nilifurahi sana kuona kwamba kila mara aligeukia upande ule ule. Kwenye safu ya mwelekeo niliandika: nyumba ya Bi Somoe. Nyumba ya Bi Somoe. Nyumba ya Bi Somoe. Upande ule hakukuwa na kitu kingine cha kutaja. Ningeandika kaskazini, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Kwetu upande huo ndio pia wa kibla, na vijana walishaanza kutania kwamba punda wa Issa anataka kusali, mpaka Maalim akawakemea. Jioni moja wageni walikuwa wamejaa barazani kwetu, wanakunywa chai, wanaongea habari za punda, na Mjomba akasema kwa majivuno, "Mpwa wangu ameandika yote. Tatu, lete daftari uwasomee." Nikalileta. Nikasoma kwa sauti nzuri ya mtu aliyesoma sekondari. Nilipofika mstari wa tano jirani mmoja akasema, "Hebu rudia hapo." Nikarudia. "Endelea." Nikaendelea mpaka mwisho wa ukurasa, na baraza lote lilikuwa kimya, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani wamependezwa.

Mama Rehema ndiye aliyetamka. Hakusema kwa ubaya, alisema taratibu huku ameshika kikombe, "Ina maana anachokiona kipo kwa Bi Somoe." Basi. Nikasema hapana, mimi nimeandika upande tu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka barazani na linatembea. Mjomba aliniambia nifunge daftari, nikafunga, na nakumbuka nilihisi uso unawaka bila kujua bado ni aibu ya nini.

Mambo hayakuja kwa kishindo. Kwanza wanawake waliacha kupita uwanjani kwake kwenda kutafuta kuni, wakazunguka njia ndefu ya shambani. Halafu nikaona mtungi wa maji wa kwetu, aliotufinyangia yeye, umetolewa ndani na kuwekwa nje karibu na banda la kuku, na mahali pake kuna ndoo ya plastiki. Nilimuuliza Mama Rehema, akasema mtungi unavuja. Haukuwa unavuja, nilijaza maji nikautazama siku mbili. Mtoto wa jirani akashikwa na homa, homa ya kawaida ya kila mtoto, lakini mama yake alimpeleka zahanati akipita mbali, amemfunika kanga usoni. Siku ya gulio Bi Somoe alipanga vyungu vyake na kurudi navyo vyote. Asubuhi moja akakuta sita vilivyokuwa vinakauka uwanjani vimevunjwa, na hakuna mbuzi anayevunja vyungu kwa kuvipanga mstari. Maalim alisimama baada ya sala akasema wazi, "Tumefundishwa kujikinga. Hatukufundishwa kunyoosha vidole." Watu waliitikia kwa vichwa na kwenda zao. Mwishowe mwenyekiti wa kijiji akamwendea, kwa adabu zote, akamshauri akapumzike kwa ndugu zake kwa muda, mpaka maneno yapoe. Bi Somoe akamjibu kwamba ana vyungu vibichi, akishavichoma ataondoka. Vilikuwa vinahitaji siku kumi kukauka.

Nami niliendelea kwenda kula kwake mchana, na nilikuwa najivunia hilo, nikijiona jasiri. Mbele yangu hakulitaja daftari. Ila utani wa mlangoni ulikwisha. Alinipakulia, tukala, nikaosha sahani. Siku moja nilitazama ukutani nikahesabu vyungu, nikatazama jinsi vilivyokuwa vinabadilika rangi kutoka kwenye weusi kwenda kwenye ukijivu, nikajua siku zinakwisha. Nilirudi nyumbani nikamfungua Singida. Nilitaka kujua. Safari hii nilitaka kujua kwa hofu, na hiyo ni tofauti kabisa na ile ya kwanza.

Nikamfunga mashariki, kwenye mikorosho ya Mjomba, mahali ambapo nyumba ya Bi Somoe inakuwa mkono wa kushoto kabisa. Jua lilipoanza kushuka akageuka, akaweka miguu, akalia. Hakuitazama nyumba. Aliutazama upande ule ule wa siku zote. Kesho yake nikampeleka mbali zaidi, nikapita naye nyuma ya nyumba ya Bi Somoe mpaka juu kwenye kichuguu, nyumba ikabaki chini yetu. Nikakaa, nangoja. Akageuka. Nyumba ya Bi Somoe akaipa mkia! Akalia kuelekea njia ya Ruangwa mpaka mbavu zikatetemeka. Nilikimbia kwenda chini nimeacha viatu kule kule, nikamkuta Mjomba anafunga magunia, nikamweleza huku nahema. Aliinua uso taratibu. Nilimwona anavyoelewa, maana mikono iliacha kufunga. "Jike," akasema. "Mungu wangu, Tatu. Anamwita mwenzake." Akakaa chini juu ya gunia. "Tumewagawana kama ufuta."

Nikataka twende usiku ule ule tukawaambie watu, nilete na daftari niwaonyeshe mistari mipya. Mjomba akatikisa kichwa. Akasema lile daftari limeshaaminiwa mara moja na ndio balaa lenyewe, safari ya pili watu watasema mpwa wa Issa anamlinda mpishi wake. Asubuhi nikaenda kwa Bi Somoe. Alikuwa anapangua vyungu, vimekauka. Nikamweleza yote, mkia, kichuguu, jike la Chunyu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono.

"Kesho gulio," akasema. "Watu watakuwepo. Mfungueni punda mbele yao, mwenyewe aende anakotaka. Mtu asimshike."

"Bibi, na akisimama hapa kwako?"

"Akisimama hapa, basi mimi nimeonwa."

Siku ya gulio ikafika. Watu walikuwa wengi, na habari ilikuwa imeshawafikia, wakasimama kando ya njia na mizigo yao, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, na hakuna aliyekuwa ananunua kitu. Bi Somoe alikaa mlangoni kwake juu ya kibao, amevaa kanga safi, mikono magotini. Mbele yake alikuwa ameanika makopa ya muhogo kwenye mkeka. Mjomba akamvua Singida kamba. Akasimama tu. Akatikisa masikio, akanusa hewa, nikaanza kusema moyoni, nenda baba, nenda. Akaenda. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Somoe, hakupinda kulia wala kushoto, hatua zake zinasikika kwa jinsi watu walivyonyamaza. Akaingia uwanjani. Akafika mbele ya yule mama akasimama.

Nilisikia audhubillahi kutoka pande zote. Mtu nyuma yangu akasema, "Si tulisema?" Na Bi Somoe hakusogea, walitazamana yeye na punda, kisha Singida akashusha kichwa chini kwenye mkeka, akachukua kipande cha kopa, akatafuna. Krau, krau, krau, kila mtu anasikia. Akachukua cha pili. Maalim, aliyekuwa ameshika mfuko wake wa vitunguu, akaanza kucheka mpaka kikohozi kikamshika, na watoto wakacheka, na kicheko kikapita kwa watu kama kwamba kila mmoja alikuwa anakitafuta.

"Kula, baba," Bi Somoe akamwambia. "Kula, una safari."

Singida alipotosheka akapita kando yake, akazunguka ukuta wa nyumba, akaingia njia ya Ruangwa, na pale akaanza kukimbia. Mjomba alipiga kelele ya kuitaka kamba na kumkimbilia. Watu wote waliona. Alipita nyumba akaiacha. Nami nilikuwa nishaanza kukimbia nilipomwona Bi Somoe anainuka, anaingia ndani na kutoka na furushi. "Twendeni," akasema. "Miezi miwili nasikia mtu anaitwa. Nataka kumwona." Nikadhani furushi ni chakula cha njiani.

Tulitembea kutwa nzima. Tulimkamata Singida baada ya kilima cha kwanza, na kwa kuwa alikuwa anakwenda tunakokwenda hakubisha, tukamtandika gunia, Bi Somoe akapanda. Mjomba alitangulia. Mimi nilitembea ubavuni, na nilipoona Mjomba yuko mbali nikamwomba Bi Somoe radhi. Nililia. Nilimwambia sikujua, niliandika tu nilichokiona.

"Ulikuwa unakula kwangu mchana," akasema, bila hasira, macho njiani. "Jioni unakwenda kunisoma."

"Sikukuandika wewe, bibi. Niliandika punda."

"Mimi huyu punda nilimjua siku ile ya kwanza. Mnyama anaangalia njia aliyokuja nayo. Nani asiyejua?"

Nikasimama katikati ya njia. "Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngesema namtetea shetani wangu." Akavuta kanga begani. "Na wewe, mwenye maswali, uliniuliza habari za udongo, za moto, za vigae. Hili hukuniuliza."

Mpaka leo nikiwafundisha watoto kuandika walichokiona huwa nawaambia wakamuulize na mwenye nyumba, na wanadhani ni kanuni ya somo.

Hatukuwa tumeiona Chunyu bado jike alipoitika. Jua lilikuwa limelala. Sauti ilitoka nyuma ya mikorosho, nyembamba kuliko ya Singida, na Singida akasimama ghafla mpaka Bi Somoe akashika manyoya ya shingo asianguke. Tukamshusha. Akaenda mwenyewe. Kanisius alitoka shambani kwake akikimbia ameshika kofia, hakutuamkia kwanza, akasema tu, "Issa, mwenzake huyu hajala vizuri tangu mwezi wa sita. Nilidhani ni mbung'o!" Wale punda walikutana kwenye ukingo wa shamba. Kelele ziliisha hapo hapo. Kila mmoja akaweka shingo juu ya mgongo wa mwenzake, wakaanza kukunana kwa meno pale pale nilipokuwa namkuna mimi, wamefumba macho, na wale wanaume wawili wazima wakasimama kuwatazama, hakuna anayetaka kumtazama mwenzake. Mwishowe Kanisius akasema, "Sisi ni wajinga, Issa." Mjomba akamwambia, "Hilo nalo tugawane." Usiku tulikula ming'oko na chai jikoni kwa mke wa Kanisius, wakapatana punda wasitengane tena, miezi kadhaa Nambambo, miezi kadhaa Chunyu. Bi Somoe aliongea Kimwera na mama mzazi wa Kanisius, wakacheka kwa jambo nisilolisikia. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa siku nyingi.

Asubuhi nilimkuta uwanjani ameshafunga furushi na liko kichwani. Nikamwambia tunapumzika leo, tunarudi kesho na punda wote wawili, atapanda wa kwake. Akanitazama kama anayepima kama nitaelewa.

"Mimi ninaendelea. Mbwemkuru si mbali na hapa."

"Lakini bibi, wameona! Wote wameona. Sasa hakuna neno tena."

"Wameona punda," akasema. "Vile vyungu vimekauka vizuri. Visichomwe hovyo. Wape wanaotaka." Nikamwamkia kwa mikono miwili, akaitikia marahaba, akanishika shavu kidogo kwa kiganja chake kikavu, akashika njia. Sikumfuata. Nilikuwa na maswali kumi na sikuuliza hata moja.

Tuliporudi Nambambo, Mjomba mbele na mimi nyuma, punda wawili katikati, watu walitoka kutupokea kuanzia juu kabisa, kwenye uwanja wa Bi Somoe. Wanawake walikuwa wameufagia. Mtu ameezeka upya pembe ya jiko iliyokuwa inavuja. Mama Rehema alikuwa amechinjiwa jogoo wetu mkubwa, amempika kwa nazi tangu asubuhi, na chungu kilikuwa palepale mlangoni kimefunikwa, mkeka umetandikwa, maji ya kunawa yako tayari. Akawatazama punda, akatazama nyuma yetu kwenye njia, akatazama tena.

"Bi Somoe yuko wapi?"

"Amekwenda kwao," nikasema.

"Anarudi lini?"

Mjomba akaanza kuwafungua punda mizigo. Mama Rehema alibaki amesimama na mwiko mkononi, kisha akamwambia binti yake alete sahani, maana chakula kinapoa. Tukaketi kwenye mkeka wa Bi Somoe, mlangoni pake, sisi na majirani wote waliokuja, tukamla yule jogoo wenyewe. Alikuwa amepikwa vizuri sana. Hakuna aliyesifia.